Gasketi Iko Ndani ya Bahasha

Mama,

Usishangae bahasha kuwa nzito. Ile gasketi ya hedi uliyoitafuta tangu Jumatano, chini ya benchi, kwenye kopo la misumari, mpaka ndani ya banda la kuku, iko humu. Nimeifunga kwenye karatasi ya daftari lako la zamani isikwaruzike. Haikupasuka na sikuitupa. Wala hakuna gasketi mpya iliyokuwa inakuja na basi kutoka Mwanza. Yule kondakta niliyekuwa nampigia kelele kwenye simu kila jioni, "Mbona unanichelewesha, mtoto anasafiri!", hayupo. Simu ilikuwa haina hata chaji.

Ukishamaliza kunisema, kaa chini usome. Najua utakaa kwenye lile dumu la oili, maana ndilo nililokalia mimi ninapoandika. Wewe umekwenda Nyegina kumuaga shangazi yako, mama yako yuko kwenye jumuiya, jua bado lipo, na pikipiki iko mbele yangu, hedi yake, kichwa cha injini, iko juu ya benchi. Inanitazama vibaya.

Sitakuandikia habari za kufunga mlango, kula kwa wakati na kujihadhari na vijana wa stendi ya Bunda. Hayo mama yako ameshakwambia mara tatu, na mara ya nne atakwambia kesho ukiwa umeshavaa helmeti na husikii. Mimi nakuandikia habari ya bolti nne.

Najua kilichopo. Mwenye fremu ya kufungulia gereji yako kule Bunda amekungoja mpaka kesho saa nane mchana, na usipotokea anampa muuza chipsi. Ulipotuambia hivyo mezani, mama yako aliguna kwa huruma. Mimi nilimpenda yule muuza chipsi papo hapo, bila kumjua. Jumapili iliyopita, wakati wa maombi ya kimyakimya, nilimwombea biashara yake istawi. Mungu anisamehe. Halafu ukakataa katakata kwenda na basi. "Baba, fundi haendagi kufungua gereji yake akishuka kwenye kosta na beseni." Nilipolisikia hilo nikajua njia iko wazi: pikipiki isipowaka, hamna safari. Jumatano ukaenda mjini kununua kufuli, mimi nikafungua hedi. Uliporudi nikakwambia ilikuwa inavuja, gasketi imepasuka, nimeitupa, sikumbuki wapi. Haikuwa inavuja hata tone.

Mama yako ananicheka kila nikikaa. Anasema watu wanapeleka watoto Dar es Salaam, wengine wanawapeleka ng'ambo, wanapunga mkono na kurudi nyumbani kula. "Wewe unalilia Bunda! Si pua na mdomo? Mtu anaendaga Bunda akarudi ugali haujapoa." Ni kweli. Lakini tangu ulipomaliza chuo tumefanya kazi pamoja hapa Bweri, benchi moja, na nimezoea kunyoosha mkono nyuma bila kuangalia na spana namba kumi na nne ikaingia kiganjani. Kutoka Bunda hutaifikisha.

Sasa nianze na uongo wa kwanza, kwa sababu ndio mzee kuliko wote. Nimekwambia miaka yote kwamba kukaza hedi nilifundishwa na fundi mkuu wa meli. Umewasimulia hata wateja. Hakuna fundi wa meli. Meli nilikuwa naiona kwa mbali kama watu wote. Aliyenifundisha ni bibi yako wa Butiama, mama wa mama yako, na alinifundisha akiwa amenipa mgongo.

Unajua jinsi mkwe alivyo kwetu. Hukai naye karibu, humtazami usoni, humshiki mkono, na jina lake hulitamki hata ukiota. Wewe ulipozaliwa ukapewa jina lake, na hapo nikanasa. Mtoto wangu mwenyewe, nami siwezi kumwita! Ndiyo maana nakuitaga Mama, na wateja wengine wakakuita Mama hivyo hivyo ungali na umri wa miaka kumi.

Wakati huo nilikuwa kijana wa ziwani, nina pikipiki hii niliyoipata kwa katekista mzee aliyeshindwa kuipiga kiki. Ilikuwa kuukuu tayari. Nilikwenda Butiama kujitambulisha. Asubuhi ya siku hiyo niliona oili inalowesha ubavu wa injini, nikafungua hedi, nikasafisha, nikafunga. Na nilifunga kama mtu wa kwetu anavyofunga. Wewe hukukulia kwenye nyavu, lakini mimi ndiko nilikokulia: kamba ya wavu unaifunga kwa mfululizo, boya hili, kisha linalofuata, kisha linalofuata, kila fundo unalimaliza kabisa kabla hujaligusa jingine, mpaka unarudi ulikoanzia. Basi nikachukua bolti ya kwanza, nikaweka bomba kwenye spana kuongeza urefu, nikaikaza mpaka ikalia. Nikahamia ya jirani yake. Nikazunguka hivyo mpaka nikamaliza. Nikapangusa mikono nikajiona mwanamume.

Nilipofika Butiama nilikuta ukoo mzima umevaa. Kulikuwa na shughuli Bunda, binti wa mdogo wake bibi yako alikuwa anatolewa mahari, na gari waliloahidiwa halikutokea. Babu yako, Mungu amlaze pema, akanitazama, akatazama pikipiki, akasema, "Wengine tutatembea tukadandie lori. Mama huyu miguu inamsumbuaga. Kijana atampeleka."

Wanawake wakashika midomo. Mkwe kupakizwa na mkwe, kiti kimoja, magoti yakigusana! Wazee walikaa kando wakashauriana, na mwisho wakaleta gunia la ulezi, zawadi ya shughuli, wakaliweka katikati yetu. Bibi yako akashika gunia, gunia likanigandamiza mimi mgongoni, na hivyo heshima ya kila mtu ikahifadhiwa. Mama yako alisimama mlangoni anang'ata upande wa kanga ili asicheke. Huo ndio uso nilioubeba kichwani njia nzima, nikijua kwamba nikimwangusha mama yake sitauona tena.

Tulipita Kiabakari salama. Kidogo mbele, kwenye kilima, injini ikatoa mlio kama mtu anayepiga chafya asiyetaka kusikika kanisani. Kisha ikapiga chafya ya pili bila aibu, moshi ukatoka ubavuni, oili ikanilowesha suruali mpaka kwenye soksi. Tukasimama. Bibi yako akashuka, akashusha gunia lake, akaliweka pembeni ya barabara, akalikalia akinigeuzia mgongo.

Yeye hawezi kunisemesha, mimi siwezi kumsemesha, na kati yetu hapakuwa na mtu wa tatu wa kupitishia maneno. Nilifikiria kusimamisha mpita njia. Hapakuwa na mpita njia. Mwishowe bibi yako akakohoa akasema, kwa sauti ya kuita mtu aliye mbali kidogo:

"Pikipiki! Hebu muulize huyo aliyekupanda, tunalala hapa?"

Nilihema. Nikainama karibu na taa ya mbele. "Pikipiki, mwambie mama tunangoja injini ipoe, niifungue."

"Muulize, ikiwa inapoa yeye anafanyaga nini? Anasali?"

"Mwambie ndiyo, nasali."

"Mwambie aendelee."

Injini ilipopoa nikafungua. Gasketi ilikuwa nzima, hii hii uliyoishika sasa, lakini upande mmoja ilikuwa inang'aa kwa kubanwa na upande wa pili ilikuwa nyeusi ti, moto ulikuwa unapita hapo. Ni ya shaba, na shaba yake ilikuwa imekakamaa. Katekista alikuwa amenieleza dawa yake: ichome mpaka iwe nyekundu, iache ipoe, italainika na kukaa upya. Tatizo ni kwamba sikuwa na kiberiti. Nikaiambia pikipiki. Bibi yako akafungua pindo la kanga, akatoa kiberiti, akakusanya vijiti na mavi makavu ya ng'ombe, akawasha moto mwenyewe, akaichoma gasketi ile kwa kuigeuzageuza na kijiti kama anachoma hindi. Mkwe wangu, Mama, amevaa kitenge cha shughuli, amepiga magoti kando ya barabara kuu anachoma gasketi. Magari mawili yalipunguza mwendo ili yatazame vizuri.

Nikairudisha mahali pake. Nikashika spana na bomba, nikaanza bolti ya kwanza kwa nguvu zangu zote, nikataka kuhamia ya jirani yake.

"Pikipiki!" Aligeuka nusu, uso ameukinga kwa kiganja, lakini jicho moja nililiona kati ya vidole. "Muulize huyo. Kwao ngozi ya ng'ombe wanaiwambaga hivyo?"

Nikaiambia pikipiki kwamba kwetu ni samaki, ngozi nimeijua ikiwa kiatu.

"Nilijua tu. Mwambie alegeze hiyo. Ngozi ukiivuta upande mmoja mpaka mwisho, upande wa pili unakunjamana, na hautanyooka tena hata umlete nani. Unachomekaga kigingi cha shingoni, unaenda mkiani. Cha ubavu huu, unaenda ubavu ule. Vyote vinashika kidogo tu. Ndipo unarudi kuongeza, vilevile, kwa kukatiza. Na mwambie aweke chini hilo bomba. Anafunga chombo au anapigana?"

Nikalegeza. Nikaanza upya. Yeye ndiye alikuwa anaita, amenipa mgongo tena, hata haangalii: "Huku. Sasa ng'ambo yake. Sasa upande. Ng'ambo yake. Rudia." Mizunguko mitatu: wa kwanza wa kushika tu, wa pili wa nusu, wa tatu wa kumaliza. Ile namna ninayokufundisha tangu ulipoanza kushika spana, na ile karatasi uliyoichora chuoni na namba moja mpaka nne, mwalimu akakupa alama zote, ni ngozi ya ng'ombe wa Butiama. Nikapiga kiki. Ikawaka mara moja, ikatulia, hata moshi haukutoka.

Bunda tulifika watu wanamalizia nyama. Wajomba wakamzunguka bibi yako, wakataka kujua kijana amemweka wapi tangu asubuhi, na kama mtu wa namna hiyo anafaa kupewa binti. Nilisimama karibu na chungu cha pombe ya ulezi, suruali yangu inanuka oili, nikijua habari yangu imekwisha. Yeye akakung'uta vumbi, akasema maneno machache tu. "Nguvu anazo kama wengine. Mjinga ni mjinga kama wengine. Ila huyu akiambiwa anasikiaga." Basi. Mama yako ninaye kwa sababu ya hilo neno moja.

Tangu siku hiyo, kila nikienda Butiama naegesha pikipiki mlangoni, bibi yako anatoka, anaisalimia. "Pikipiki, huyo bwana wako amekonda, mkewe hampikii?" Nami najibu. Uliponiuliza ukiwa mdogo kwa nini bibi anaongea na pikipiki, nilikwambia ni uzee. Huo ni uongo wa pili, na huo uniombee msamaha wewe mwenyewe ukifika kwake.

Uongo wa tatu sina namna ya kuuchekesha. Unakumbuka ile bolti iliyokatika, ile siku ya kwanza nilipokuachia hedi uikaze peke yako? Ulikuwa na miaka kumi na mitano. Uliikaza vizuri sana. Nilikuwa nimesimama nyuma yako nahesabu mizunguko yako kimoyomoyo, na hukukosea hata mmoja. Ukaenda kunawa. Mimi nikabaki naitazama ile bolti ya mwisho, na mkono ukaniwasha. Nikajiambia niongeze kidogo tu, kwa usalama. Nikachukua bomba. Ilikatikia mikononi mwangu, Mama, si mikononi mwako. Uliporudi nikakuonyesha nikasema, "Umekaza kupita kiasi." Ukalia. Mwezi mzima hukugusa spana, ukaanza kusema labda usomee mapishi. Nami nilikuwa nakubembeleza, nakuambia hata mafundi wakubwa wanakosea, nikajiona baba mwema.

Nimekuwa nikilibeba hilo. Hata leo ukimaliza kukaza unaniangalia kwanza kabla hujaweka spana chini, na mimi najua nani aliyekutia hofu hiyo. Nisamehe. Ulikaza sawasawa.

Sasa nikwambie kilichonifanya niandike, maana usidhani dhamiri yangu iliamka yenyewe. Za mwizi arobaini. Zangu zilitimia siku ya tano. Leo asubuhi, navaa shati la kanisani, simu yangu ikalia. Simu yangu, si ya mama yako. Ni bibi yako. Nikajua amekosea namba, nikaanza kutafuta mtu wa kumpa. Mama yako alikuwa anaoga. Nikatazama uani, pikipiki ile pale, nikatoka na simu, nikafungua spika, nikaiweka juu ya tangi la mafuta kama mjinga.

"Toa simu hapo unapoiweka," akasema. "Naongea na wewe."

Mama, nikaichukua nikaiweka sikioni. Tangu nimemjua hajawahi kuniambia "wewe".

"Mtoto amenipigia jana," akasema. "Analia. Anasema gasketi imepasuka, kesho Bunda haendi. Nikamuuliza gasketi ipi, akasema ile ya shaba. Ile shaba nilichoma mimi. Haijapasuka."

Nilikuwa sijui hata nitazame wapi.

"Nilikupa binti yangu, nikabaki na kinu na mchi. Ulimpakiza kwenye hiyo pikipiki akaenda, nikakaa siku nne sili. Ulinisikia nikificha kitu chako?"

"Hapana, mama."

"Mpe mtoto kitu chake."

Akakata. Nikasimama pale uani na shati limefungwa vifungo viwili, nikalia, kuku wakiniangalia. Sikujua kama nalia kwa sababu unaondoka, au kwa sababu ya aibu, au kwa sababu yule mama alikaa siku nne bila kula na kila nilipofika akaniuliza kwa nini nimekonda.

Kwa hiyo fanya hivi. Ukirudi kutoka Nyegina funga hedi yako. Gasketi nimeshaichoma na kuipoza, na nyuso zote mbili zinazoibana nimezisafisha; hiyo ni kazi yangu ya mwisho kwenye injini hii. Bolti ziko kwenye kikombe cha bati, zimepakwa oili. Kaza wewe, mizunguko mitatu, kwa kukatiza. Mimi nitakuwa chumbani. Nimemwomba mama yako afunge mlango kwa nje na lile bomba akalale nalo upande wake.

Kesho usiende moja kwa moja. Ondoka mapema upitie Butiama. Injini iliyofungwa upya ikishapata moto wake wa kwanza inatakiwa ipoe kabisa, halafu bolti zipimwe tena, hilo unalijua kuliko mimi. Iache ipoe mbele ya mlango wa bibi yako. Zipime pale pale, yeye akiona, halafu weka spana chini bila kumwangalia mtu. Kisha shika njia ya Kiabakari. Ukifika kwenye kile kilima piga honi mara moja. Saa nane utakuwa Bunda umeshika funguo, na yule muuza chipsi atafute mahali pengine, nimeacha kumwombea.

Bibi yako bila shaka atatoka kuisalimia pikipiki. Sasa inaondoka, sijui mimi na yeye tutaongeaje Krismasi hii. Labda itabidi turudie yale ya leo. Mwambie wewe, usiiachie pikipiki, kwamba mkwe wake ameambiwa na amesikia.

Na jambo moja. Nimelifikiria tangu asubuhi. Mila inakataza kutamka, sikumbuki mzee yeyote aliyesema neno kuhusu kuandika.

Nenda, Nyangeta.

Baba yako